Kisu cha mwanajeshi na ala yake: dalili za kasoro, sababu zake na namna ya kurekebisha

Kisu cha jikoni kikiharibika, mwenyewe anakirudisha karakana kesho yake. Mwanajeshi hana nafasi hiyo. Akishamaliza mafunzo Monduli akapangiwa mpakani, au akapelekwa kulinda amani Kongo, ambako askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, wamekuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa tangu 2013, kilicho kiunoni ndicho atakachotumia, na fundi wake yuko mbali. Ndiyo maana kila kasoro iliyomo humu nimeiwekea kipimo chake. Vingi ni vya bure: tupa, sumaku, mwanga wa dirisha, bakuli la maji. Vifanyike kisu kikiwa bado mkononi mwako, fundi.

Malalamiko haya ni yale yanayojirudia kwa mafundi wa Arusha na Moshi wanaotengeneza visu kwa chuma cha springi za magari. Chini ya kila dalili, sababu ya kawaida inatangulia.

Maneno mawili kwanza. Nikisema *kukaza* chuma, ni kukipasha moto hadi kiive na kukizamisha kwenye mafuta. Nikisema *kukituliza*, ni kukirudishia moto mdogo baada ya kukazwa ili kisiwe kikavu cha kuvunjika.

Kabla ya yote

Vaa miwani kila unapowasha grenda au kupiga chuma cha moto. Chembe ya chuma ikikuingia jichoni usiitoe kwa kibiriti wala kwa ncha ya kitambaa. Nenda hospitali yenye kitengo cha macho, na kwa watu wa Moshi KCMC ipo karibu. Oili chafu ya gari usiitumie kukazia chuma, moshi wake ni sumu. Mafuta ya alizeti yanafanya kazi hiyo vizuri. Chombo chake kiwe cha chuma chenye mfuniko, maana mafuta yakishika moto yanazimwa kwa kufunikwa, na ukiyamwagia maji yatalipuka juu yako. Chuma chenye rangi au kilichopakwa zinki kisiingie motoni kabla hakijakwanguliwa.

Makali hayakai: kisu kinanoleka, kinakata kidogo, kisha kinakuwa butu

Anza na jambo dogo. Mara nyingi chuma hakina kosa, ila ukingoni kumebaki unyuzi mwembamba wa chuma kutokana na kunoa. Unakata vizuri mara mbili tatu, unalala, na kisu kinaonekana butu. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kila upande, bila kukivuta kwa urefu. Upande wenye unyuzi utakwaruza. Rudi kwenye kinoo laini kwa mkono mwepesi, kisha malizia kwa kusugua makali kwenye kipande cha mkanda wa ngozi ukiyavuta kinyumenyume.

Kama unyuzi haupo, chukua tupa kali uipitishe taratibu kwenye makali. Ikiteleza kama kwenye kioo, chuma kimekaza. Ikiuma, endelea mikwaruzo michache hapo hapo. Ikiuma juu tu kisha ikaanza kuteleza, basi ni ganda laini la nje lililounguzwa kaboni yake motoni. Lisage hadi liishe na kisu kitakuwa sawa. Ndiyo sababu makali hayanolewi hadi mwisho kabla ya kukazwa. Acha unene wa kama milimita 1 ukingoni, ganda hilo lipate pa kuondokea.

Tupa ikiendelea kuuma hadi ndani, angalia rangi. Doa la bluu karibu na makali lina maana kwamba kisu kilipata joto kwenye grenda baada ya kukazwa na ugumu umepotea pale. Doa likiwa dogo unaweza kulisaga hadi ulipite, ukishika bapa, yaani ubao wa kisu, kwa mkono mtupu na kulichovya majini kila linapoanza kuunguza vidole. Likienea, kisu kirudi motoni upya.

Bluu isipoonekana, basi chuma hakikuiva au mafuta yalikuwa ya baridi. Watu wa Arusha, hili la mafuta linatuhusu sana. Asubuhi ya Julai mafuta yanakuwa mazito na hayanyonyi joto kwa haraka inayotakiwa. Tumbukiza kipande cha chuma cha moto uyapashe yafike nyuzi 50 hadi 60 ndipo ulete kisu. Kuhusu kuiva, sumaku ndiyo shahidi. Chuma hupoteza mvuto kwenye nyuzi 770 hivi. Springi inahitaji kupita hapo kidogo, kama nyuzi 830. Fanya kazi hii kivulini au jioni. Kwenye jua la saa sita rangi ya chuma cha moto inadanganya, unakiona cheusi wakati kimeshapita kiasi.

Sababu ya mwisho ni kwamba chuma chenyewe hakifai. Nondo, bomba na bamba la kawaida havina kaboni ya kutosha na hakuna mafuta yatakayovikaza. Springi bapa za Land Cruiser na Land Rover, ambazo kwetu zinapatikana kwa wauza vyuma chakavu kwa sababu ya magari ya watalii, zina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, na ndizo wahunzi wengi wanazofulia sime za Wamasai. Lakini springi si zote za aina moja. Kata kipande cha urefu wa kidole, kipashe, kizamishe kwenye mafuta, kibane kwenye jiliwa (kibanio cha mezani), kifunike kwa gunia na ukigonge kwa nyundo. Kikikatika, umepata chuma. Kikipinda, kiuze kilo.

Kipande hicho kilichokatika usikitupe. Tazama uso wa mvunjiko: ukiwa wa kijivu, laini, usio na mng'aro, moto ulikuwa sawa. Ukiona chembe zinazometameta, uliunguza. Chuma cha namna hiyo kipashe hadi sumaku iachie, ukiache kipoe hewani, urudie mara tatu, ndipo ukikaze tena.

Umesikia mlio mdogo kwenye mafuta, au kuna mstari mwembamba kwenye bapa

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Ufa hauzibwi. Hauchomelewi, haufunikwi kwa msasa, haupunguziwi bei.

Sababu ya kwanza ni maji. Wapo wanaozamisha springi kwenye maji kwa sababu ndivyo walivyoona kwa jembe. Springi ni chuma cha mafuta. Maji yanaipoza kwa kasi isiyoistahimili. Sababu ya pili ni kona kali pale msuka, sehemu ya chuma inayoshikwa na mpini, unapokutana na bapa. Kona hiyo iwe ya mviringo, isagwe kwa tupa ya duara, na mikwaruzo ya grenda iliyokatiza bapa iondolewe kwa msasa wa 120 au zaidi kabla ya moto. Ya tatu ni kupita kiasi cha joto. Ya nne ni ufa uliokuwamo tangu springi iko kwenye gari: imebeba mzigo miaka mingi kwenye barabara za makorongo, na nyingine zilitolewa kwa sababu zilishavunjika. Ukinunua springi iliyokatika, kaa mbali na mahali ilipokatikia na kando ya tundu la boliti la katikati.

Kipimo: safisha bapa, lipake mafuta ya taa, subiri dakika chache, lifute kabisa, kisha lipake vumbi la chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatapanda na kuchora mstari. Ukiuona, kata kisu hicho vipande viwili ili mtu mwingine asije kukimalizia. Unaweza kupata kisu kidogo cha ngozi kutoka kwenye sehemu nzima, ila cha mwanajeshi anza upya.

Tahadhari nyingine hapa hapa: springi za kuzunguka zilizo bado kwenye gari usizifungue mwenyewe. Zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Hiyo ni kazi ya gereji yenye kifaa cha kuzibana.

Bapa limepinda baada ya kukazwa

Mara nyingi ni kusaga kusiko sawa: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba, zinapoa kwa kasi tofauti. Inayofuata ni kuingiza kisu kwenye mafuta kimelala badala ya ncha chini, au kukitikisa kushoto na kulia. Kikiwa ndani ya mafuta kisogeze mbele na nyuma tu, kama anayekata.

Ukigundua mapema, dakika ya kwanza baada ya kukitoa, bado kina joto la kukubali kunyooshwa kwa glavu nene au kati ya mbao mbili kwenye jiliwa. Kikishapoa usikiguse kwa nyundo, kitavunjika na kipande kitaruka. Kinyooshe wakati wa kukituliza: kifunge kwenye chuma kinene kilichonyooka, weka sarafu chini ya mahali palipoinuka, kaza klampu hadi kipinde kidogo upande wa pili, kisha kiingize kwenye oveni na hizo klampu zake.

Makali yanamenyeka vipande vidogo

Kwanza ulize kilitumiwaje. Kisu kilichopigwa kwa jiwe kupasua kuni kitamenyeka hata kikiwa kizuri. Lakini mwanajeshi atakipiga kwa jiwe siku moja, na ukitengeneza kisu chake utengeneze ukijua hivyo. Pembe ya nyuzi 20 hadi 25 kila upande wa makali inamtosha. Ukali wa kunyolea ndevu haumsaidii porini.

Pembe ikiwa sawa, tatizo ni kutuliza. Kisu kilichokazwa kinatakiwa kiingie kwenye oveni haraka, mara tu kinaposhikika kwa mkono, kwa nyuzi 200 hadi 230, saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena. Oveni nyingi za nyumbani zinadanganya kwa nyuzi makumi. Weka kipimajoto cha pembeni, na ukilaze kisu kwenye trei ya mchanga ili joto lisirukeruke. Bapa lililong'arishwa litabadilika liwe la manjano ya majani makavu hadi kahawia hafifu. Likiwa jeupe bado, halijatulia. Likifika bluu, umepita. Mgongo wa bluu ni mzuri, makali ya bluu hayana kazi.

Kipimo cha mwisho: bana fimbo nyembamba ya shaba kwenye jiliwa, lalisha makali juu yake kwa pembe ya kunolea, sukuma hadi uone ukingo unajipinda kidogo. Ukirudi ulivyokuwa, kisu kiko tayari. Ukibaki umepinda ni laini. Ukimenyeka, rudi kwenye oveni kwa nyuzi 10 au 15 zaidi.

Mpini unacheza, au umefanya ufa

Mbao mbichi ndiyo chanzo karibu kila mara. Mtu ananunua kipande wakati wa masika, Aprili, kinakaa karakana wiki mbili, kinafungwa kwenye msuka, na ikifika Septemba kimesinyaa. Pima kipande kwenye mzani mdogo wa jikoni kila wiki na uandike uzito juu yake kwa penseli. Uzito ukiacha kupungua, kimekauka. Huna haja ya kifaa kingine.

Pili ni gundi kukataa kushika. Mpingo ni mzito hadi unazama majini na una mafuta ya asili. Ukiusugua kwa msasa kisha ukakaa nao hadi kesho, mafuta yanapanda juu. Futa kwa spiriti dakika chache kabla ya kupaka epoksi, na chuma nacho kifutwe. Tumia epoksi ya kukauka polepole na uiache saa 24. Usikaze klampu hadi gundi yote itoke.

Tatu, ribiti, zile pini zinazoshikilia mpini. Zikigongwa kwa nguvu zinapasua mbao kwa ndani na ufa unatokea miezi baadaye. Tundu lilingane na ribiti, na epoksi ndiyo ishike.

Mpini ukicheza kidogo usimimine gundi ya supa kwenye upenyo. Toboa ribiti, fungua, safisha, funga upya. Vaa barakoa unaposaga mpingo, vumbi lake linachoma kifua na ngozi ya watu wengi. Na mteja akikuletea jino la ndovu au pembe ya mnyamapori ya kupamba mpini, kataa; sheria ya wanyamapori ya 2009 haina msamaha wa kisanii. Pembe ya ng'ombe inapendeza vya kutosha.

Kutu: kisu kinatoka ndani ya ala na madoa mekundu au meusi

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na wengi wanalaumu chuma. Kwanza, chuma cha springi kinashika kutu, hilo mteja aambiwe mapema. Kina nguvu kwa sababu ya kilivyo, na kinadai kufutwa. Ila kutu inayorudi ndani ya siku chache, yenye umbo la ala yenyewe, inatoka kwenye ngozi.

Sababu ya kwanza: ngozi haikuwa imekauka. Ala inayofinyangwa kwa maji inahitaji siku kadhaa kivulini kwenye upepo. Ikishikwa nje inaonekana kavu huku ndani bado ina unyevu. Igusishe shavuni kwa ndani. Ikikupa ubaridi, bado. Wakati wa kufinyanga, kisu kifungwe kwa nailoni tabaka mbili na kipakwe mafuta.

Sababu ya pili: ngozi ya kromu. Moshi ni mji wa ngozi, kiwanda cha Karanga kinajulikana nchi nzima kwa viatu, na ngozi ya viatu kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa chumvi za kromu. Kwa buti ni ngozi bora kabisa. Kwa ala inaweza kuacha chumvi inayokula chuma, na pia haikubali kufinyangwa. Unayoitaka ni ile iliyolainishwa kwa magome ya miti, kama muwati unaolimwa Njombe. Kata ukingo uutazame: ya magome ni ya kahawia hadi katikati, ya kromu mara nyingi ina mstari wa kijivu au kibluu ndani. Kama rangi inakuchanganya, tumbukiza kipande chembamba kwenye maji yanayochemka. Ya magome hujikunja na kusinyaa papo hapo; ya kromu hubaki karibu ilivyokuwa. Usipime kwa kuichoma moto kama wengine wanavyofundisha, moshi wa kromu ni hatari.

Sababu ya tatu ni kukihifadhi kisu ndani ya ala. Ala ni ya kubebea. Kambini kisu kikae nje, kimepakwa mafuta mepesi au nta, na ala ining'inizwe. Mweleze mwenyewe kwa mdomo, kisha mwandikie kwenye kikaratasi, kwa kuwa atasahau. Askari aliye kwenye joto na jasho anabeba chumvi kiunoni mchana kutwa.

Kuondoa kutu: nyepesi inatoka kwa pamba ya chuma laini na mafuta. Ikiwa imechimba vishimo, saga kwa msasa taratibu bila kupasha bapa. Vishimo vikiwa kwenye makali yenyewe, saga ukingo mzima hadi uvipite. Ala ya kromu haina dawa, shona nyingine.

Kisu kinabana, kinaanguka, au kinagonga ndani

Kubana hutokana na ala kufinyangwa bila kuacha nafasi ya unene wa nailoni, au kusinyaa kwa kukaushwa juani. Loweka mdomo wa ala tu, ingiza kisu kilichofungwa, kiache hadi ikauke. Usiilegeze kwa kumwagia mafuta mengi, maana itabonyea kama soksi na hutaweza kuirudisha.

Kuanguka ni hatari kubwa zaidi. Ingiza kisu, geuza ala juu chini, itikise kwa nguvu juu ya kitanda. Kisitoke hata kifungo kikiwa wazi. Kikitoka, finyanga upya pale mpini unapoanza, ngozi ikumbatie uvimbe wa mpini, na kifungo kibaki msaada tu. Kama ngozi ni nyembamba chini ya milimita 3, haitashika umbo, badilisha.

Kugonga ni jambo ambalo mteja wa kawaida halioni, ila askari wa doria atalilalamikia mara moja. Tikisa kisu ndani ya ala karibu na sikio. Sauti ikitoka chini, utepe wa katikati, ule wa ngozi unaokaa kati ya pande mbili kando ya makali, ni mnene kuliko bapa. Upunguze. Sauti ikitoka kwenye mkanda, kitanzi ni kipana. Usikisie upana wa mkanda wa jeshi kwa kuangalia wa suruali yako. Mwambie aje nao au akupe kipimo, na uulize pia kama anatumia mkono wa kushoto.

Uzi unakatika upande wa makali

Hakuna utepe wa katikati, au uzi umepita ndani ya njia ya kisu. Utepe uwe na upana wa kutosha ili mshono ukae milimita 4 au 5 kutoka ukingoni na makali yasiufikie. Sababu nyingine ni cherehani: uzi wake ukikatika mahali pamoja mshono wote unafunguka. Shona kwa mkono, sindano mbili kwa uzi mmoja uliotiwa nta, kila tundu zipishane. Fundi viatu yeyote mwenye msharasi mzuri anaweza kukufundisha kwa mchana mmoja.

Madogo

Ukungu mweupe juu ya ngozi: unyevu wa masika. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, anika kivulini, paka nta ya nyuki kidogo. Uchafu wa kijani kuzunguka ribiti za ala: mafuta ya ngozi yamekutana na shaba, ukwangue kwa kijiti, punguza kupaka mafuta. Rangi inachafua nguo: haikusuguliwa ikakauka, sugua kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kitoke safi, kisha funga kwa nta.

Mteja anataka ala ya kitambaa cha mabaka ya jeshi, au nembo ya jeshi ichongwe kwenye bapa: hapo simama. Raia haruhusiwi kumiliki mavazi ya kijeshi, na kitambaa hicho kikikutwa karakana kwako utakijibia wewe. Mtengenezee ala nyeusi au ya kahawia isiyong'aa, bapa lililosuguliwa msasa wa 400 lisiloakisi jua, na herufi za jina lake ndani ya kitanzi. Kama anaruhusiwa kukibeba kazini, hilo alimalize kwanza na kamanda wake, kabla hujawasha mkaa.